Maji ya Sindeni Juu ya Mlima wa Mpale

Nimezaliwa mbishi, na sioni haya kulisema. Ubishi huo ndio ulionifikisha kileleni Mpale na mtungi wa maji kichwani, siku niliyopelekwa kwa mume.

Mwaka ule tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa kule Sindeni, na mvua ilitutupa mkono. Mahindi yalikauka kabla hayajafika magotini. Kisima kilikuwa kimoja, tukipanga foleni tangu alfajiri, na kila nyumba ilipata ndoo moja kwa siku. Ndoa yangu ilifungwa katika ukame huo. Mama hakuwa na mchele wa kunifungia, wala kuku, wala kanga mpya, na aibu ilimkosesha raha. Jirani mmoja akaja na kata ya maji aliyoichota kwenye ndoo yake, akaimimina katika mtungi wetu. Akaja wa pili, akaja wa tatu. Hadi jua linazama mtungi ulikuwa umejaa.

"Wapelekee wakwe zako," mama akaniambia. "Wasije wakasema binti yangu kaja mikono mitupu."

Kwetu hapakuwa na zawadi kubwa kuliko hiyo. Haikutupitia kabisa akilini kwamba wako watu wasiolilia maji.

Nilisindikizwa na shangazi yangu na shemeji, mdogo wa mume wangu, aliyetumwa kutuchukua. Bwana harusi alikuwa ametangulia kuandaa nyumba. Tulikwenda kwa lori hadi Makuyuni, chini ya mlima, mtungi nimeupakata kama mtoto. Tukalala kwa jamaa wa mume wangu, na kulipopambazuka tukaanza kupanda.

Sisi Wazigua na wao Wasambaa ni watani, na shemeji huyo hakuwa mtu wa kuiacha nafasi ipite.

"Shemeji, unapeleka maji Mpale? Kule kwetu yanatoka hata kwenye mawe. Mwaga bwana, utembee mwepesi!"

"Mtani hana neno la kweli," nikamjibu, nikaikaza ngata yangu kichwani.

Njia ilipoingia msituni nikasikia maji. Kijito kilikuwa kimekatiza mbele yetu, cheupe, kinajiendea tu, hakuna foleni wala mtu wa kukilinda. Nilisimama nikitazama, masikio yananiwaka kwa aibu. Shemeji aliketi juu ya jiwe akacheka mpaka akashika mbavu. Shangazi akainama, akanywa, akanawa uso, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, mwaga. Mama yako hatajua."

Alisema kweli. Lakini ningeanza kumwaga kata ya nani? Ya yule mjane mwenye watoto watano, au ya bibi asiyeona, aliyekuja akipapasa ukuta, kata mkononi, bila kudondosha tone?

"Hayamwagwi," nikasema. "Yatafika."

"Haya," shemeji akadakia. "Ukiyatua njiani, au ukanipa mimi nikubebee, watoto wa Mpale watakuimba mpaka uzeeke!"

Basi nikapanda. Kosa langu lilikuwa kutembea kama kwetu bondeni, hatua ndefu za haraka, na baada ya kona tatu nilikuwa nikihema. Nikaacha kutazama juu. Nikatazama visigino vya shemeji, nikaona anavyoweka miguu, hatua fupi fupi kama mtu asiye na safari. Nikamwiga. Shingo iliuma, jasho liliniingia machoni, na majani niliyoyaweka juu ya maji yasichupe yalikuwa yakinigusa paji la uso kila nilipoinama. Mara mbili shemeji alinyoosha mikono anipokee, mara mbili nikakataa. Baada ya hapo hakutania tena. Alitangulia akiondoa mawe njiani.

Mama mkwe na wanawake wachache walikuwa wamepanda kutupokea kileleni. Kabla sijawafikia niligeuka. Nchi yetu yote ilikuwa chini yangu, kavu, ya rangi ya ugoro, na moshi unapanda huku na huku mahali wanaposafisha mashamba wakingojea mvua. Sikuwa nimewahi kupanda hata kichuguu, na leo nilikuwa juu kuliko kila kitu nilichokijua. Nilijivuna. Nilijivuna mpaka nikasahau shingo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetuletea nini?"

"Maji."

Wanawake wakaangua kicheko. Nilimtazama shemeji nikidhani ndiye atakayeongoza, lakini alikuwa ameinamisha kichwa. Nikautua mtungi, nikawaeleza: kisima, foleni, kata moja kwa kila nyumba.

Kicheko kikaisha. Mama mkwe akaomba kata, akachota, akanywa polepole.

"Yana chumvi," akasema. Akachota tena, akampa aliyekuwa karibu naye. "Kunyweni. Kila mtu anywe."

Wakanywa wote, mmoja mmoja, na shemeji akanywa mwisho.

Mtungi ulikuwa umebaki nusu. Nikaiweka ngata kichwani na kuinama niubebe, nikakuta mkono wa mama mkwe umeshanitangulia shingoni mwa mtungi.

"Hapana, mwanangu. Wewe na mama zako mmeyafikisha hadi hapa. Kutoka hapa ni mimi."

Akaichukua ngata yangu, akajitwika, akashika njia ya nyumbani kwake. Nami nikamfuata, mikono mitupu.