Mjomba Aliyekuja Ukumbini

Mama yangu hakunichapa hata siku moja, na si kwamba sikustahili. Mimi ni mvulana wa pili, na kwetu mvulana wa pili hupewa jina la baba ya mama, kama vile msichana wa pili hupewa la mama ya mama. Kwa hivyo mama aliniita baba. Nikivunja chungu ananiambia, "Baba, umefanya nini tena?" Utamchapaje babako? Fimbo zangu zilimwendea ndugu yangu mkubwa. Hiyo ilikuwa kijijini Wamagana, tukiwa na mbuzi mmoja mkali sana, lakini mbuzi tumwache.

Siku hizi napika chai kwenye ukumbi mmoja hapa Majengo. Jumapili mchana, wasichana waliokuja mjini kufanya kazi za nyumba hukutana hapo na mama walezi. Wengine hata umri wa kitambulisho hawajafika. Hufundishwa kuota ndoto kubwa. Mmoja wa kutoka Kangari, wa kabila letu, aliuliza mlango usio na komeo hufungwaje usiku. Akaambiwa hiyo si mada ya leo.

Huyo baadaye alitoroka kwa mwajiri wake, akachukuliwa na mlezi mmoja, mwalimu mstaafu. Jumapili iliyofuata akaja mwanamume wa koti safi. Ati yeye ni mjomba, ndugu ya mama yake, amekuja kumrudisha nyumbani. Msichana akajificha nyuma ya masufuria yangu, akaninong'oneza kwamba huyo ndiye aliyemleta mjini, na sasa anataka kumpeleka kwa bwana mwingine Nairobi.

Mgeni wa heshima, mama wa fulana iliyoandikwa "Linda Msichana", alifurahi sana. Familia kwanza, akasema. Akampa mjomba soda, akaita mpiga picha, akamwambia msichana atoke huko nyuma atabasamu.

Nikampelekea mwalimu maneno ya msichana pamoja na kikombe chake cha chai. Hakupandisha sauti. Alivuta kiti karibu na mjomba, akamuuliza huyu mtoto ni wa ngapi kwao.

"Msichana wa pili," mjomba akajibu. Hiyo alijua.

"Na mama yako mzazi anaitwaje?"

Akataja jina. Jina zuri tu, lakini halikuwa la msichana. Mama wote ukumbini wakaacha kutafuna mkate.

"Kwani dadako alimnyima mama yenu jina?" mwalimu akauliza. "Mlikosana?"

Mpiga picha akateremsha kamera. Mjomba akaweka chini soda yake, imebaki nusu, akasema anaenda kuangalia pikipiki yake nje. Pikipiki yenyewe hatukuiona. Akapita msikiti wa jirani polepole, kama mtu asiye na haraka, akakata kona, na hatujamwona tena.