Ratiba ya Musoma Yenye Mnada wa Bunda

Mwaka 1997, wakati serikali ikiuza hata viwanda vilivyokwisha kufa, Mwalimu Getruda wa Musoma alikuwa akigawa bure kitu kilicho hai: programu ya kompyuta. Unaipa majina ya walimu, madarasa na masomo. Inakupa ratiba ya shule nzima, bila mwalimu mmoja kutakiwa vyumba viwili saa ileile. Zamani kazi hiyo ilikula wiki mbili na urafiki wa watu kadhaa.

Aliiandika mwenyewe, kwenye kompyuta ya msaada iliyofika bila kitabu cha maelezo lakini na kitambaa kizuri cha kuifunika. Shule yoyote iliyoleta diski tupu iliondoka nayo. Sharti lilikuwa moja: isiguswe.

Nyamburi, mwalimu wa hesabu Bunda, akaigusa. Aliongeza amri kwamba Alhamisi mchana, siku ya mnada wa kwao, kusiwe na vipindi, maana nusu ya walimu huwa wako kwenye ng'ombe na wanafunzi wako nyuma yao. Akapeleka nakala Musoma kwa heshima zote. Getruda akamjibu kwa barua: "Nilikupa programu, mwalimu, sikukupa shamba." Ile diski akaifanya kisahani cha kikombe cha chai.

Machi, radi ikaipiga kompyuta ya Getruda. Nakala zake zote za akiba zilikuwa juu ya kompyuta hiyohiyo, chini ya kitambaa, zikaungua nayo. Shule nyingine zilikwisha kuchapisha ratiba zao na kufuta diski kwa kazi nyingine, na ile ya chini ya kikombe ilikuwa imelowa chai. Na Jumatatu mkaguzi alikuwa anakuja, baada ya mkuu wa shule, Leonardi, kujisifu mkoani kwamba ratiba yao inatoka kwenye mashine.

"Mwalimu, ratiba mpya iko wapi?" aliuliza Leonardi.

"Iko Bunda," alisema Getruda.

Jumamosi akamkuta Nyamburi zizini.

"Karibu, mama. Umekuja kukagua shamba lako?"

"Nimekuja kuomba programu."

"Ipi? Yako, au ile niliyoichafua?"

"Iliyo hai."

Nyamburi akacheka bila adabu, kisha akamwonyesha ng'ombe mwekundu. "Huyu si wangu, ni wa rafiki yangu wa Butiama. Wangu wengine wako Nyamuswa. Sisi tunawagawanyaga, wezi wakija wakute nusu. Maziwa nakunywaga mimi, na ndama mmoja nabaki naye. Mwenyewe akimchukua, halalamiki kwamba amezoea mto wetu. Wewe, mtoto wa mfugaji, ulilaza wote zizi moja?"

Getruda aliziwaza zile nakala chini ya kitambaa. Baba yake angemchapa.

Wakaenda shuleni kwa Nyamburi, wakaingiza majina ya walimu wa Musoma, wakachapisha, na Getruda akaondoka na nakala ya programu kwenye diski.

Jumatatu mkaguzi akaipitia karatasi, kidole kikakwama.

"Alhamisi mchana hamfundishi?"

Leonardi akamtazama Getruda. Getruda aliona jina la Nyamburi likimjia mdomoni, tayari kabisa kubeba lawama. Akalimeza.

"Ni mnada," alisema. "Wa Bunda. Nilisahau kuuondoa. Kosa ni langu."

Mkaguzi aliandika jambo refu. Leonardi hakumsemesha hadi Pasaka.

Kompyuta ya Musoma ilipotengenezwa, Nyamburi alipokea diski na barua fupi ya Getruda: "Ng'ombe amefika, bado anajua njia ya mnadani. Nimeongeza swali mwanzoni: shule yenu ina mnada, na siku gani? Angalia kama nimekosea, urekebishe. Nakala hii ilale kwako."