Rozalia na Baba Mkwe Wodini

Rozalia ni nesi wa wodi ya upasuaji Mbeya, kwao Idodi kule Iringa. Alipoolewa na Amos, Mnyakyusa wa Iyunga, alifundwa mengi akasahau mengi, ila hili alilishika: mkamwana na baba mkwe hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja anapitia migombani. Ndivyo ilivyo. Anayeona ni ujinga asiolewe huko.

Sasa baba mkwe mwenyewe, mzee Lusekelo, akaletwa wodini na ngiri iliyobana utumbo. Nesi mwanamume alikuwa semina.

Kabla ya upasuaji Rozalia alisimama nyuma ya pazia akauliza maswali yake. Mzee akageukia ukuta. Ikabidi maneno yapitie kwa Makame, muuza vitenge wa kitanda cha pili, mguu umefungwa bandeji.

"Mzee mwenzangu, sista anauliza umekula?"

"Mwambie tangu jana sijala."

"Hajala, sista."

"Muulize kama ana meno ya bandia."

"Mzee, hayo meno ni yako?"

"Mwambie akamuulize mama mkwe wake."

Upasuaji ukaenda vizuri. Kazi ikaja baadaye. Aliyepasuliwa tumbo hapewi hata uji mpaka utumbo uamke, na utumbo hauamki mtu akilala kama gogo. Atembee mpaka atoe hewa. Mzee akagoma, kidonda kinamuuma. Tumbo likaanza kujaa likawa gumu. Daktari akamwambia Rozalia, "Asiponyanyuka leo huenda tukamrudisha mezani. Kwa umri ule, sipendi."

Rozalia akamtuma Amos ambembeleze baba yake. Akabembeleza. Akamwita mchungaji. Mchungaji akaomba, sala ndefu. Mzee akaitikia amina akiwa amelala.

Basi Rozalia akabeba kiti, akakiweka kando ya kitanda cha baba mkwe wake, akakaa.

Mzee akavuta blanketi usoni.

"Makame, huyo anafanya nini?"

"Amekaa."

"Mwambie aondoke."

"Sista, unaambiwa uondoke."

"Mwambie tata, baba yetu, miguu inaniuma."

"Kama haondoki, nitaondoka mimi!"

"Mwambie abane kidonda kwa kiganja kwanza, ndipo ateremshe miguu. Amos atamshika."

Mzee akabana kidonda, akateremka, akatoka na mwanawe kwenda koridoni, anavuta miguu na kulaani kwa Kinyakyusa. Rozalia akamfuata na kiti, akakaa koridoni. Mzee akarudi wodini. Rozalia naye akarudi. Ikawa hivyo asubuhi nzima, mmoja anaingia, mwingine anatoka, Amos katikati analowa jasho.

"Mzee, leo utafika Tukuyu kwa miguu," Makame akasema.

Hawakufika Tukuyu. Karibu na mlango wa choo hewa ikatoka, ndefu, na koridoni hakuna aliyeuliza ni nini. Mzee akatazama dari.

"Sista!" Makame akapaza sauti kutoka kitandani. "Mpe uji mzee wa watu!"

Rozalia akabeba kiti chake, akaenda nyuma ya pazia, akaagiza uji mwepesi.

Jioni shangazi zake Amos wakaja kumuona mgonjwa. Wakapewa habari yote na Makame, na nyingine ambayo haikuwepo. Wakasema mkamwana huyu hana adabu, amemfukuza kaka yao kitandani mbele za watu, aitiwe kikao.

Mzee alikuwa na kijiko mdomoni. Akakitoa, akawaambia wanyamaze, anakula.