Mashamba Yaliyongoja Wenyewe

Juzi, wasomaji wangu, nililetewa habari kutoka upande wa Usoke kwamba amefariki mzee mmoja aliyekuwa mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji chini ya mtemi, chifu wa nchi. Wamemzika watu wachache mno, kwa kuwa kijiji chenyewe hakipo tena. Nimeumia, na nina hasira pia.

Nilizoea kununua asali kwake. Nikimwamkia shikamoo huitika marahaba, kisha huniuliza kama watu wa mjini tumeshajua kushika jembe. Baba yake alikuwa mpagazi wa misafara ya pwani, na zamani zile shamba la mpagazi halikuguswa. Liliachwa limngoje, maana angerudi mvua zikikaribia. Basi vita vya pili vya Wazungu vilipoanza, mtemi akaamriwa na serikali kutoa vijana wa jeshi. Alikuwa mtemi mnyonge, mwenye watu wachache, hivyo hakuweza kukataa. Mwanangwa akawapeleka vijana wake stesheni, akawaahidi kuwa mashamba yao yatawangoja.

Wanawake walimsihi. "Baba, tugawane japo yale ya karibu," mmoja alimwambia mbele yangu. "Pori linatufuata mlangoni."

"Mkiyagawa mtakuwa mmewazika," akajibu. "Ngojeni mvua."

Mvua zikaja, zikaja tena, vijana wako Burma. Pori likaota, na pori likaleta mbung'o, ng'ombe wakafa. Zamani mtemi angeita watu wafyeke, lakini wenye nguvu hawakuwapo, na nafaka ya akiba katika ghala lake ilikwisha chukuliwa kulisha askari. Watu wakahama nyumba moja moja, na waliosalia serikali ikawahamisha. Mtemi akabaki na ngoma yake, hana wa kumpigia.

Mara ya mwisho mzee alinisimulia habari ya kijana mmoja aliyerudi, amevaa koti la jeshi. "Aliniamkia vizuri," alisema, "kisha akaniuliza, baba, kwetu ni wapi? Nikazunguka naye porini mpaka jua likazama. Sikupaona." Kesho yake kijana akapanda treni kwenda Dar es Salaam.

Tunaambiwa tulishinda. Nchi ya mzee huyu haikusikia hata mlio wa bunduki, na imekwisha. Mtawala maskini akitoa mikono ya watu wake kwa ugomvi wa wengine, hata wakirudi wazima hawana pa kurudia. Yule mzee alizikwa karibu na reli. Njia ya kwenda kijijini kwake ilikuwa imefungwa na miiba.