Pete Katika Damu ya Dada Yangu

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimefanya kazi na molekuli moja na jamaa zake. Inaitwa porfirini. Ni pete ya atomi yenye nafasi ya kukaa metali katikati. Kikikaa humo chuma, ndiyo hemu, inayoipa damu wekundu wake. Katika maabara ya chuo, Dar es Salaam, niliweka humo kobalti, shaba na zinki, nikaandika jinsi rangi zilivyobadilika. Kijijini kwetu Ngonga, mkoani Mbeya, walijua tu kwamba nasomea rangi.

Dada yangu, aliyenilea baada ya mama kufariki, aliteswa na tumbo tangu ujana wake. Likimshika halali, miguu inaishiwa nguvu, na wakati mwingine anaongea na watu wasiokuwepo. Walimtibu vidonda vya tumbo, wakamtibu minyoo, mara moja wakampasua wasikute kitu. Majirani walikuwa na maelezo yao. Yeye alichagua kufunga na kuomba. Maumivu yakianza tu, anafunga siku tatu. Nami nilifunga naye huko Dar, tukipigiana simu kutiana moyo.

Likizo iliyopita nilimkuta katika siku ya pili ya mfungo. Zahanati ilitaka mkojo wa kupima, akautia kwenye chupa ya maji na kuiweka dirishani, lakini barabara ilikuwa matope na bodaboda hakufika. Kisha jua likawaka. Alasiri nilipoenda kuiondoa chupa, mkojo niliouona asubuhi ukiwa wa kawaida ulikuwa mwekundu uliokolea, kama divai ya meza ya Bwana.

Rangi ile niliijua. Jirani yetu anafanya biashara ya mpakani na ana tochi ya mwanga wa zambarau ya kukagulia noti. Niliiazima, nikaingia stoo ya kakao, nikafunga mlango, nikamulika. Chupa iling'aa nyekundu, sawasawa na chupa zangu za maabara.

Nilikaa juu ya gunia. Kuna ugonjwa wa kurithi ambao huufanya mwili ukwame katikati ya kuitengeneza hemu, na malighafi yake hurundikana kama sumu, hutoka na mkojo na kuugeuza mwekundu juani. Njaa huuchochea. Niliwahi kuwafundisha wanafunzi jambo hilo, nikaligusa kidogo, tukaendelea na mada nyingine. Na miaka yote hiyo nilikuwa nikimwambia dada yangu avumilie, asile.

Nilimpelekea uji wa mchele wenye sukari nyingi. Alikataa, alisema bado siku moja. Nilimweleza yote niliyoyaona stoo. Alinisikiliza, kisha akauliza polepole, "Yaani ulikuwa unausoma ugonjwa wangu?"

"Nilikuwa naisoma ile pete," nilisema. "Wewe sikukuona."

Alichukua bakuli akanywa.

Hospitalini Mbeya walimwekea dripu ya glukosi, wakapeleka sampuli mbali kupimwa. Majibu yalipokuja yalikuwa yale niliyoyaogopa. Daktari alipoeleza kwamba ugonjwa huo unarithiwa, dada alinigeukia.

"Basi mama hakuwa kichaa," alisema.

Nilikuwa mdogo mno kukumbuka, lakini yeye alikumbuka: mama akilia tumbo, akiita majina ya watu waliokufa, akifungwa kamba kitandani. Aliyefunga kamba ni mjomba wetu, kaka yake mama, na alifanya hivyo ili mama asije akakimbilia mtoni.

Sasa dada hafungi tena, na ana orodha ya dawa asizopaswa kuzigusa. Maumivu yamerudi mara mbili, akawahi hospitali. Mimi nimepimwa, ninao pia, ila haujanishika hata siku moja, na hakuna anayeweza kunieleza kwa nini yeye na si mimi.

Mjomba tulimwambia wenyewe kilichokuwa kikimsumbua mama, nyumbani kwake, baada ya chakula. Alinawa mikono mara ya pili, akasema "ndaga" kwa sauti ndogo, yaani asante kwa lugha yetu, akatoka nje. Kutoka mlangoni tulimwona akitembea kwenye tuta la shamba la mpunga hadi mwisho, akasimama huko, ametugeuzia mgongo.