Mshale wa Ngumbao Wasema Mia na Arubaini

Boneti ya Pijo iko wazi na Ngumbao amezama ndani mpaka kiunoni. Ni asubuhi ya Jumatatu, stendi ya teksi ya Changamwe, na mkono wake mmoja umejitokeza ukidai spana. Hakuna anayempa. Madereva wenzake wanabishana tangu jana, na kila mmoja anataka mwandishi wa habari hii asikilize upande wake kwanza.

Ubishi ni wa spidi ya machotara. Chotara, hapa Changamwe, ni gari lenye bodi ya ukoo huu na injini ya ukoo mwingine. Vipuri ni ghali na vya shida, basi mtu hununua mzoga, akautafutia moyo, fundi akaunganisha. Mwaka huu wa 1993, zaidi ya nusu ya teksi za stendi hii ni machotara. Zina ngurumo za ajabu, lakini zinakwenda.

La Ngumbao ni bodi ya Pijo 404. Kuanzia injini hadi ekseli ya nyuma, ni pikapu ya Datsun. Amelijenga mwenyewe na hulisifu kama kifungua mimba wake.

"Wallahi, likishafika pale Mikindani, mshale walala kwenye mia na arubaini," asema. "Mie sisemi ya kusikia. Nimeona kwa macho yangu."

Sifa hizo zina gharama. Alipofikia kununua injini mfuko ulikuwa mtupu, akauza cherehani ya mkewe, Dhahabu, fundi wa sare za shule huko Mikindani. Hakumwambia.

"Nlirudi kutoka msibani nikakuta meza tupu," asema Dhahabu. "Sikupiga kelele. Nlimwambia, Baba Gona, gari hilo silipandi mpaka cherehani yangu irudi."

Yeye na neno lake ni chanda na pete. Huu ni mwaka wa pili anakwenda sokoni kwa miguu, mumewe akimfuata kwa gari polepole, akimbembeleza kupitia dirishani. Majirani wamekwisha kuzoea.

Ndipo mwezi uliopita Kafedha, mchuuzi wa kamba, wale wa baharini, huko Jomvu Kuu, akatangaza kwamba anatafuta teksi ya kuwahisha kamba wake kwenye ndege ya Nairobi kila asubuhi. Ngumbao akajawa na furaha. Stendi humpa shilingi mia mbili siku njema, na petroli hula nusu. Kazi ya kila siku ingerudisha cherehani.

"Kamba hana subira," Kafedha aliwaambia. "Nataka gari linalokimbia kweli, si la maneno."

Walijitokeza wawili. Wa pili alikuwa Odhiambo, mwenye Ford Kortina kuukuu iliyotiwa injini ya Toyota, na stendi nzima ilicheka. Kwa miaka sita, wenzake wakitaja mia na thelathini au mia na hamsini, Odhiambo husema tu, "Yangu mwisho ni tisini." Wakambandika jina la Bwana Tisini.

Jana, Jumapili, barabara ikiwa nyeupe, kila mmoja alipakia kapu la kamba Jomvu Kuu. Kafedha na madereva wengine wakawangojea kwenye lango la uwanja wa ndege.

"Nlikanyaga mpaka mwisho," asimulia Ngumbao, akijitoa kwenye boneti, mikono ikicheza hewani. "Mshale uko mia na arubaini, roho yangu kweupe. Mara naona kitu cha buluu ubavuni. Odhiambo huyo, yuanipungia mkono. Keshapita."

Alipofika, kamba wa Odhiambo walikuwa wamekwisha kupimwa. Ngumbao akadai kwamba kuna hila. Fundi Musyoka, ambaye ameunganisha nusu ya machotara hao, akaamuru magari yaende sambamba. Mshale wa Ngumbao ukasema themanini. Wa Odhiambo haukufika arubaini.

Musyoka akafuta vumbi kwenye dashibodi ya Kortina, akatazama, akaanza kucheka peke yake. Gari lile lilitoka Uingereza na mshale wake huhesabu maili. Tisini ya Odhiambo ni karibu kilometa mia na arubaini na tano. Na difu la pikapu, yaani gia za ekseli ya nyuma zilizoundwa kuvuta mizigo, huuharakisha mshale wa Pijo kuliko gari lenyewe. Mia na arubaini ya Ngumbao ni mia na tano.

"Miaka sita namcheka mtu anishindaye," asema Ngumbao, naye anacheka mpaka anafuta machozi.

Kazi ikaenda kwa Odhiambo. Lakini kabla ya kuondoka alimwendea mwenzake. "Bwana Ngumbao, asubuhi mimi nitakuwa na kamba," akamwambia. "Wale watu wangu wa kiwandani, wanaolipa kwa mwezi, beba wewe." Ngumbao asema aliushika mkono wa Odhiambo akashindwa kuuachilia.

Sasa stendi ina ubishi mpya. Musyoka amepata difu la gari dogo, lenye kukimbia, na madereva wanamhimiza Ngumbao alinunue ashindane tena na Kortina. Macho yanamng'aa likitajwa. Kisha anatikisa kichwa.

"Difu litangoja," asema. Aliyenunua cherehani yuko Magongo na amekubali kuirudisha akilipwa. Ngumbao anakadiria miezi minne ya abiria wa kiwandani.

"Siku hiyo Mama Gona atakaa mbele, cherehani nyuma," asema. "Nitatoka Magongo mpaka Mikindani kwa gia ya pili. Nataka kila mtu atuone."