Ulezi Nyuma ya Migomba

Watu wa Ngonga, kando ya ziwa, walimcheka Andongwisye mpaka wakachoka. Mtu mzima, mwenye mwana aliyeoa, anashinda akichezea upepo kama watoto wanaozungusha majani ya mgomba vijitini! Lakini yeye alikuwa na lake moyoni. Kila siku alisikia jiwe likikwaruza nyuma ya nyumba: Tusekile, mke wa mwanawe Ambilikile, amepiga magoti na mimba yake, anasaga ulezi wa nyumba nzima. Alimwonea huruma mno. Kumwambia pole hakuweza, maana kwa Wanyakyusa mke wa mwana hamtazami baba mkwe wala hatamki jina lake. Akimwona njiani huchepuka kichakani.

Basi alipomaliza zamu yake ya kubeba mawe ya boma la Wajerumani kule juu Tukuyu, alianza kazi. Alisimamisha mti, akaufungia mbawa za mikeka ya matete, na upande mmoja akauziba kwa ua wa matete ili upepo usukume ule mwingine tu. Chini ya mti alifunga jiwe la mviringo lizunguke juu ya jiwe jingine. Msumari hata mmoja hakutumia. Mkewe Angetile, wa kabila la Wakisi na mfinyanzi hodari, alimfinyangia pete ya udongo ya kuushikilia mti ukizunguka. Ikapasuka, akafinyanga nyingine, wakaipaka mafuta ya samaki.

Mchana upepo wa ziwani ulipoamka, kinu chake cha upepo kikazunguka. Waliomcheka wakaja na vikapu vyao, tena bila aibu. Andongwisye akaweka kigoda chake pale pale, akikaza kamba, akisikiliza jiwe, akipokea shukrani za wanawake, "ndaga fijo", huku uso umechanua. Asubuhi upepo haukuwapo. Ukija tu, naye yupo.

Tusekile hakuja hata siku moja, na jiwe la nyuma ya nyumba liliendelea kukwaruza. Jambo hilo lilimchoma Andongwisye. Alijiona amedharauliwa, na kwa hasira akafungua zile mbawa, akawapa wavuvi waanikie usipa, wale dagaa wa ziwani.

Haukupita muda, Tusekile akaumwa akiwa pale pale kwenye jiwe, na mimba ikatoka. Akachukuliwa na mama yake kwenda kwao Mwaya, na hakurudi tena.

Mvua zilipoanza, Andongwisye alikwenda kukata ndizi karibu na kinu chake kilichobaki mti mtupu. Nyuma ya migomba aliona mahali palipokanyagwa pakawa pagumu, na kandokando yake ulezi umeota.

Akamwita mkewe. "Nani kapanda ulezi huku?"

"Haukupandwa," alisema Angetile. "Ulimwagika. Tusekile alikuwa akisimama hapo na kikapu chake, akingoja wewe uondoke. Upepo ukilala, anarudi kwenye jiwe lake."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua, baba Ambilikile. Angepitaje mbele yako?"

Andongwisye akainama, akaugusa ule ulezi. Maisha yake yote aliona wake za wana wakichepuka njiani, na siku ile ilipohitajika akumbuke, alikuwa anangoja shukrani.

Hakuung'oa ule ulezi. Ulipokomaa aliukata, akaupukuchua, akaenda nao nyuma ya nyumba na kupiga magoti mbele ya jiwe la Tusekile. Kabla unga haujafunika hata kitako cha bakuli, mgongo ukamgomea. Akaendelea kusaga, machozi yakimtoka, na Angetile hakumzuia.